Akili Ina Uradi Wake



Kuna swali tunaloulizwa chumbani kwetu cha ushoni karibu sawa na tunavyoulizwa bei ya gauni: "Dada, nikisoma uradi akili haitulii. Ulimi uko kwenye Subhanallah, akili iko kwenye ukumbi, kwenye keki, kwenye mawifi. Sasa hapo nasoma nini?" Wanatuuliza wanawali waliobakiwa na wiki mbili kabla ya nikahi, na wanatuuliza akina mama wenye watoto watano. Sie si masheikh, ni mafundi cherehani, kwa hiyo mambo ya hukumu tunawaelekeza kwa ustadhati zao. Lakini namna ya kukaa na neno moja mpaka akili ichoke kukimbia, hilo tumelijua kwa njia ambayo hatukuichagua.

Mtujue kwanza. Sie ni wawili, mtu na wifi yake. Asili yetu Unguja, maisha yametuleta Arusha, na tuna chumba chetu Kaloleni: cherehani mbili za kukanyaga, moja ya umeme, na ovaloki moja. Skuli tulisoma mpaka kidato cha nne, tukachukua kozi ya ushonaji, na kilichobaki tumefundishwa na vitambaa vya watu. Tunashona magauni ya nikahi, shela na mabaibui. Ikiingia Shaaban hatulali, na Mfunguo Mosi ndiyo kabisa.

Miaka kadhaa nyuma, wakati wa masika, alifariki yule aliyetufanya tuwe mawifi. Mmoja wetu alikuwa dada yake, mmoja alikuwa mkewe. Ajali ya barabarani, upande wa Usa River, usiku. Aliyetupigia simu hakusema kuwa amekufa. Alisema, "Njooni hospitali, na mje na mwanamme." Mnaelewa mashoga. Ukiambiwa uje na mwanamme, hujaambiwa kitu na umeshaambiwa kila kitu.

Maneno yale hayakutoka. Tukipiga pasi: njooni na mwanamme. Tukikuna nazi: njooni na mwanamme. Tukiwa kwenye rakaa ya pili ya alfajiri, sauti ileile ya mtu tusiyemjua, kwa mdundo uleule. Hatukuwa tunayafikiria, yalikuwa yanajisema yenyewe, Mungu ndiye anayejua mara ngapi kwa siku. Mpaka siku moja mmoja wetu akasema, "Wifi, kumbe na huu nao ni uradi."

Tangu hapo ndivyo tunavyowajibu wanaotuuliza. Akili haijawahi kukaa kimya ikakungoja wewe uilete kwenye dhikri. Ina uradi wake tangu asubuhi. Inarudia deni la mtu, inarudia neno alilosema mama mkwe juzi, inarudia "nitapendeza kweli, nitapendeza kweli". Kurudia ndiyo kazi yake, hata usipoituma. Anayeshika tasbihi anachagua tu kitu gani kirudiwe. Kwa hiyo ukiona mawazo yanavamia katikati ya Subhanallah, usidhani dhikri imekuharibikia. Yalikuwepo tangu mwanzo, ila sasa ndiyo umekaa kitako ukayasikia.

Mke wa marehemu alikaa eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi, ndani, bila manukato wala pambo. Lakini kazi za watu zilikuwa zimeshapokelewa, na kianzio kimeshaliwa kwenye kodi ya chumba. Kulikuwa na shela moja ya bi harusi wa Ngarenaro ambayo ilitakiwa lulu ndogo pindo zima, kwa mkono. Basi kitambaa kikawa kinasafiri. Mchana chumbani Kaloleni, jioni nyumbani kwenye eda, na baada ya isha tunakaa wawili chini ya taa, kila mmoja na upande wake wa shela mapajani.

Fundi yeyote aliyewahi kutia lulu kwa mkono anajua kazi ile ilivyo. Sindano nyembamba kama unywele, uzi wa nailoni, lulu moja, unashuka, unapanda, unavuta. Lulu nyingine. Ni kazi ambayo mikono inaijua yenyewe, na hilo ndilo baya lake, kwa sababu mikono ikishajua, akili inabaki haina kazi, na akili isiyo na kazi kipindi kile ilikuwa inajua pa kwenda. Tukaanza kuipa. Sindano inashuka, Subhana. Uzi unavutwa, llah. Lulu 33 za Subhanallah, kisha tunaweka moja kubwa. Lulu 33 za Alhamdulillah, kubwa. Lulu 34 za Allahu Akbar, kubwa, na uzi unafungwa. Mwenye shela hakujua mpaka leo kwa nini fundo zimekaa vile. Aliona umbuji tu.

Hatutawadanganya kwamba usiku wa kwanza tulipata utulivu. Tulipata lulu. Kufika ya tisa au ya kumi mmoja anashtuka mkono umesimama hewani na macho yako ukutani, ameshafika hospitali na kurudi. Unafanyaje? Hakuna la kufanya ila kuchukua lulu inayofuata. Hurudi kuanza moja, hukati uzi, hujilaumu. Tungekuwa tunafumua kila akili ilipotoka, shela ile isingekwisha. Ikawa ni kutoka na kurudi, mara nyingi mno, na baada ya wiki kadhaa tukaanza kuona safari zimefupika. Kuna usiku mmoja wa Juni, baridi ya Arusha mnaisikia tu nyinyi wa visiwani, tulifunga pindo lote la upande mmoja na hakuna kati yetu aliyesikia ile sauti ya simu. Tulitazamana. Hatukusema kitu, tukaenda kulala.

Hesabu hiyo ya 33, 33 na 34 ina historia ambayo kila mwanamke anayefanya kazi kwa mikono angepaswa kuipenda. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Bibi Fatima, binti wa Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, mikono ilikuwa inamuuma kwa kusaga nafaka kwa jiwe. Akasikia baba yake ameletewa mateka, akaenda kuomba mtumishi wa kumsaidia. Hakumkuta, akamwachia Bibi Aisha maneno. Usiku, yeye na Sayyidna Ali wameshajilaza, Mtume akaja. Hakumpa mtumishi. Akawafundisha waseme kabla ya kulala Subhanallah 33, Alhamdulillah 33 na Allahu Akbar 34, akawaambia hilo ni bora kwao kuliko mtumishi. Tulilisikia hili tangu chuoni, kwa bibi zetu, tukalipita kama tunavyopita mengi. Kulielewa tulilielewa tukiwa na vidole vilivyotobolewa na sindano. Aliyefundishwa alikuwa mtu aliyechoka, mwenye malengelenge, na alifundishwa kitandani.

Jambo jingine linalotugusa sie wanawake ni vidole. Imepokewa katika Abu Dawud na Tirmidhi, kutoka kwa Yusayra, mmoja wa wanawake waliohama, kwamba Mtume aliwaagiza wanawake wahesabu kwa vidole, kwa kuwa vidole vitaulizwa na vitatamkishwa. Tasbihi za lulu na za mbao ni nzuri, tunazo, tumewahi hata kuwatilia bi harusi kwenye masanduku. Lakini vidole havisahauliki kwenye mkoba. Bibi yetu wa Unguja alihesabu kwa pingili: kila kidole tatu, na gumba alilihesabu tatu kwa kuingiza shina lake, kwa hiyo mkono mmoja 15, miwili 30, na ncha tatu za kumalizia. Alikuwa akitembea kutoka shamba na kidole gumba chake kinapanda na kushuka kama mtu anayebana kitu kidogo asichotaka kionekane.

Sasa siri moja ya mafundi. Unapompima bi harusi, pini unazibana midomoni, na huwezi kufungua mdomo. Neno Subhanallah lina b ndani yake, lazima midomo ikutane. Lakini jaribuni mseme La ilaha illallah. Herufi zake zote zinatoka kwenye ulimi na kooni, midomo haina kazi, inaweza kukaa ilivyo na pini zake na neno likapita. Masheikh wamelisema hilo zamani, kwamba ni dhikri mtu anaweza kuileta bila jirani kujua. Sie tumeligundulia matumizi yetu. Na bi harusi aliyekwisha pakwa rangi ya midomo, anayeogopa kuiharibu, naye amepata la kusema akiwa kwenye gari.

Mahali pamoja hatusomi. Kwenye kukata. Mkasi ukishaingia kwenye satini ya mtu tunasema Bismillah na tunanyamaza, kwa sababu kukata kunataka akili nzima, na kitambaa cha mtu ni amana. Kwenye mshono mrefu ulionyooka, ndiyo, hapo cherehani ya kukanyaga yenyewe inakupa mdundo na mguu unakwenda na neno. Na wateja wakiwepo hatusomi kwa sauti. Kuna maduka mengine dhikri imekuwa kama kibao cha biashara mlangoni. Kila mtu na nia yake, lakini sie hatupendi.

Kwa jiji hili la watalii, tunaulizwa pia kama hii ndiyo ile medetesheni. Arusha ukipita kwenye nyumba za wageni utakuta matangazo ya yoga, watu wanakaa miguu wameikunja na wanarudia neno. Jirani yetu wa ghorofani ni Mkatoliki, jioni tunamsikia na rozari yake, na Wahindi wa mjini nao wana shanga zao za kuhesabia majina. Mwaka 1975 daktari wa moyo wa Marekani, Herbert Benson wa Chuo Kikuu cha Harvard, alitoa kitabu kiitwacho The Relaxation Response, akieleza kwamba mtu akikaa kimya, akarudia neno moja, na mawazo yakija asigombane nayo ila arudi kwenye neno lake, pumzi inapungua kasi na moyo unatulia. Na mwaka 2001 madaktari wa Italia waliandika katika jarida la BMJ la Uingereza kwamba waliwapima watu 23 wakisoma rozari kwa Kilatini na wakisoma mantra, wakakuta zote mbili zinaishusha pumzi mpaka kama mara sita kwa dakika. Hatuoni tabu kulikubali hilo. Mwili ni mmoja, Mola aliyeuumba ni mmoja, na kifua cha Mwislamu hakikuumbwa tofauti na cha jirani. Tofauti yetu iko kwa nani unamtaja. Neno la medetesheni linaweza kuwa neno lolote. La kwetu lina mwenyewe, na tunaamini anasikia. Usiku ule wa lulu, tungeambiwa turudie neno lolote tu, tusingeweza. Tulikuwa na wa kumwambia.

Wala si kila dhikri ni ya kukaa kimya. Waliokulia Unguja na mwambao wanazijua halaka za Kadiriyya, safu za watu wanaoyumba pamoja mpaka jina linabaki pumzi tupu kifuani. Tarika hiyo ilisambazwa kwetu mwishoni mwa karne ya 19 na Sheikh Uways wa Barawa, na Bagamoyo iliinuliwa na Sheikh Ramiya, mtu aliyeletwa pwani akiwa mtumwa na akafa mwaka 1931 akiwa sheikh wa kuheshimika. Wako wanaozikubali halaka hizo na wako wanaozikataa, na sie hatuingii humo. Tunalolikumbuka ni la utotoni: tumelala kwa bibi, sauti inakuja kwa mbali na upepo, na hatujui ilipoishia sauti na ulipoanzia usingizi.

Eda ilipokwisha, mashoga wa darsa letu waliona wifi amekaa ndani vya kutosha, wakapanga twende Hifadhi ya Arusha, pale Momella chini ya Mlima Meru. Si kupanda mpaka kileleni, tusijisifu. Mlima ule una mita 4,566 na sie ni watu wa kukaa kwenye viti. Tulikwenda matembezi ya maporomoko ya Tululusia, na askari wa hifadhi mbele na bunduki yake, kwa sababu ya nyati. Walikuwepo kweli, wametanda kwenye majani wanatutazama kama watu waliodaiwa.

Ustadhati wetu alitukumbusha tukiwa getini kwamba maswahaba walipokuwa wakipanda mahali pa juu walisema Allahu Akbar, na wakishuka wakisema Subhanallah. Jabir ndiye aliyesimulia, na limo katika Bukhari. Tukalichukua. Mwanzo tulikuwa tunalisema kwa furaha, na askari anacheka chini chini. Njia ilipoanza kuinuka, mazungumzo yakakatika, pumzi ikapanda, na neno likawa halitoki zima. Allahu, mguu. Akbar, mguu. Huwezi kuwaza deni hapo. Huwezi kuwaza simu. Kuna pumzi, kuna mguu na kuna neno, vyote vitatu vimebanana. Maji yanapodondoka tukakaa kwenye mawe. Wifi akalia, kwa mara ya kwanza nje ya nyumba, kilio cha kawaida cha mtu aliyefiwa, na tukamwacha alie. Kurudi, kwenye mteremko, Subhanallah ilikuja yenyewe, laini, inashuka na miguu.

Tunalisema hili kwa sababu kuna wanaodhani dhikri ni dawa ya kutolia. Sivyo ilivyokuwa kwetu. Ilitunyamazishia ile sauti ya simu, na baada ya sauti kunyamaza ndipo tukaweza kumlilia mtu wetu mwenyewe. Na shoga, kama hulali wiki kwa wiki, huli, unawaza kujidhuru au huoni sababu ya kuamka, soma uradi wako na uende hospitali. Hospitali ya Mount Meru iko hapa mjini, na huko kwenu mnazo zenu. Kumwona daktari hakuondoi tawakkal.

Kuhusu idadi, naomba, yaani tunaomba, mziangalie zile jumbe za WhatsApp: soma mara 1,000 kabla ya saa sita, tuma kwa watu kumi, utapata mume. Bi harusi wanakuja kwetu wamechoka kwa hesabu za kulazimishwa. Imepokewa katika Muslim kwamba Bibi Juwayriya, mke wa Mtume, alikaa mahali pake pa kusali tangu alfajiri mpaka jua likapanda, na Mtume aliporudi akamwambia kwamba yeye baada ya kumwacha alisema maneno manne mara tatu, na yakipimwa na yote aliyoyasema yeye siku ile yatayashinda uzito. Alfajiri nzima, na mara tatu.

Na lile ambalo wengi wenu mnauliza kwa kunong'ona: ukiwa kwenye siku zako sala imesimama, lakini Subhanallah, tahlili, istighfari na kumswalia Mtume havikusimama. Tarehe ya harusi ikigongana na hedhi, kama inavyopenda kugongana, usijione uko mtupu.

Juzi alikuja binti mmoja wa Sakina kwa kipimo cha mwisho. Alisimama mbele ya kioo akaanza kutetemeka, mikono ya baridi, anasema hapumui, anasema tumfungue zipu. Mama yake akaanza kumkemea. Tulimtoa mama chai ya tangawizi chumba cha mbele, tukamkalisha binti kwenye kigoda na gauni lake lote, pini ziko kiunoni. Hatukumpa nasaha za ndoa. Tulimshika gumba tukaliweka kwenye pingili ya kidole cha shahada, tukamwambia sema moja, usiseme ya pili mpaka pumzi ya kwanza imetoka yote. Alipofika kidole kidogo akasema, "Dada, nawaza kama atanipenda." Tukamwambia wazo lipite, chukua pingili inayofuata. Akachukua.

Hatujui alifika ngapi. Alipoinuka alikuwa amekaa kimya na sisi tumekaa kimya, na nje kwa mara ya kwanza wiki ile mawingu yalikuwa yameuachia mlima. Gauni tulilipunguza inchi moja kiunoni, na Alhamisi alikuja kulichukua.